Somo la Mazingira: Daftari Kuukuu Si Taka

Muhula ukifungwa, madaftari yaliyojaa mara nyingi huchomwa nyuma ya darasa. Moshi huwaingia watoto na majirani, na karatasi ambayo ingetumika tena huwa jivu. Walimu, jaribuni somo hili kabla ya kuwasha kiberiti.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana. Maji huziachanisha; zikikauka hushikana tena. Huo ndio msingi wa urejelezaji.

1. Ondoeni pini na majalada ya plastiki, kisha mchane karatasi vipande vidogo.
2. Rowekeni usiku kucha.
3. Twangeni hadi ziwe uji laini. Tumieni kinu kisichotwangiwa chakula.
4. Changanyeni uji na maji mengi kwenye beseni, kisha mchote kwa fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa mbu.
5. Pindueni juu ya kitambaa, bonyezeni maji yatoke, anikeni juani.

Karatasi itakuwa ya kijivu kwa sababu ya wino. Viwandani wino huoshwa. Kila mzunguko hufupisha nyuzi, hivyo karatasi hurejelezwa takriban mara 5 hadi 7 tu.

Karatasi iliyolowa mafuta ya viazi karai haifai, kwani mafuta huzuia nyuzi kushikana.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka taasisi za umma na za binafsi kutenganisha taka. Shule ianze na pipa moja lenye kifuniko, la karatasi kavu pekee, mbali na maganda ya maembe.