Kidung'ata wa Mizizi: Adui Ajifichaye Udongoni

Katika baraza nyingi za Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko na Lindi mjini, makopo ya asumini, mrehani na mshubiri hayakosekani. Mimea mingine ilianza kwa tawi lililotoka kwa bibi. Mingine ni zawadi ya jirani. Hutokea mmea ulioishi miaka mingi ukaanza kudumaa: majani yanapauka, machipukizi yanakoma, na ifikapo adhuhuri mmea unanyauka ilhali udongo wake una unyevu. Mwenye nyumba hudhani kuwa ni kiu, akaongeza maji. Mmea huzidi kudhoofika, kwa sababu mizizi iliyokwisha kujeruhiwa sasa huanza na kuoza.

Dalili hizo zina visababishi vingi, lakini kipo kimoja ambacho aghalabu husahaulika kwa kuwa hakionekani: kidung'ata wa mizizi. Somo hili lina shabaha moja, nayo ni kumzoeza mkazi kutazama mzizi kabla ya kuongeza maji, na kabla ya kumpa mwenzake mche.

Namna ya kumtambua

Wakazi wengi wanawafahamu vidung'ata wa majani, wale wadudu weupe wanaojikusanya kwenye ncha za mihogo na chini ya majani ya mipapai. Kidung'ata wa mizizi ni wa jamii hiyo hiyo, ila maisha yake yote huyapitisha chini ya ardhi. Ni mdogo, aghalabu hazidi milimita 3, na mwili wake umefunikwa kwa nta nyeupe mfano wa unga. Hufyonza utomvu wa mizizi, na mayai yake huyataga ndani ya vinyuzi vya nta vinavyofanana na pamba.

Ili kumwona, mmea hutolewa taratibu katika kopo pamoja na udongo wake. Panapotazamwa kwanza ni ukingoni, pale mizizi inapogusana na kopo, kisha karibu na tundu la kutolea maji. Madoa meupe ya nta yakionekana, yapikichwe kwa vidole: nta huteleza kama mafuta, na pengine mdudu mwenyewe huonekana akitambaa. Ukungu wa kawaida huwa nyuzi tupu zisizo na mdudu. Mizizi yenye nundu bila weupe wowote huashiria minyoo fundo, ambao ni tatizo jingine lenye tiba yake.

Ishara nyingine ni sisimizi. Vidung'ata hutoa majimaji matamu, na sisimizi huyapenda. Kwa ajili hiyo huwalinda wadudu hao na hata kuwahamisha kutoka mzizi mmoja hadi mwingine. Msafara wa sisimizi unaoingia na kutoka katika tundu la kopo haufai kupuuzwa.

Anavyosafiri

Kidung'ata jike hana mabawa. Hufika mbali kwa kubebwa: katika udongo wa mche, katika kopo lililotumika bila kuoshwa, au katika maji yanayochuruzika kutoka kopo moja hadi jingine. Hivyo anayemsafirisha zaidi ni binadamu.

Mfano mmoja unatoka Tanzania yenyewe. Ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara lilipelekwa Ujerumani katika miaka ya 1890 na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani, nalo likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Leo hupandwa katika vyungu vya nyumbani Ulaya na Marekani, na miongoni mwa wadudu wanaohofiwa mno na wakuzaji wake ni vidung'ata wa mizizi. Wakuzaji waangalifu huutenga kila mmea mgeni kwa majuma kadhaa kabla ya kuuweka pamoja na wenyeji.

Mfano wa pili unahusu chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa mihogo, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, alionekana nchini Kongo, kisha akaenea katika nchi nyingi za Afrika na kuharibu mashamba. Aliyemshinda ni nyigu mdogo sana kutoka Paraguai, aliyeanza kuachiliwa nchini Nigeria mwaka 1981. Kidung'ata wa mihogo hukaa juu ya mmea, ambako nyigu humfikia kwa urahisi. Yule wa mizizi amefunikwa na udongo, na maadui zake humfikia kwa shida. Huku chini, mlinzi wa kutegemewa ni mwenye mmea.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mmea wenye dalili utengwe mbali na mingine. Ukiwa umeharibika sana, uchomwe moto pamoja na mizizi yake.

Pili, mmea unaostahili kuokolewa utolewe udongo wote, mizizi yake ioshwe ndani ya ndoo, na iliyooza ikatwe. Maji hayo yasimwagwe bustanini, kwa kuwa yamebeba mayai na wadudu wachanga.

Tatu, kwa asumini na mrehani ipo njia salama zaidi: kukata tawi zima la juu, lisilogusa udongo, na kulichipusha upya katika kopo safi. Mmea wa zamani unaweza kupotea, lakini mbegu ya bibi ikabaki.

Nne, kopo lioshwe kwa sabuni na maji yaliyochemka. Udongo wa kupandia ulowanishwe kidogo, utandazwe juani na kufunikwa kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni kwa majuma 4 hadi 6 ya kiangazi. Joto linalojikusanya humo huua wadudu wengi.

Tano, makopo yainuliwe juu ya matofali, yasigusane na ardhi wala yenyewe kwa yenyewe. Mizizi ikaguliwe tena baada ya majuma mawili, kisha kila mwezi, kwani mayai machache yaliyosalia yanatosha kuanzisha kizazi kipya.

Kuhusu dawa

Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, kiasi cha gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutoa maji ya kumwagilia udongo. Maji hayo huzuia wadudu wachanga kukua, lakini hayachukui nafasi ya kuosha mizizi.

Salfa ya mikorosho isigeuzwe dawa ya makopo. Salfa hupambana na ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa ukungu. Kidung'ata aliye mzizini haimfikii. Viuatilifu vingine vya shambani ni hatari zaidi vikitumiwa kwenye mrehani, mchicha au mmea wowote unaoliwa. Kiuatilifu chochote kinachonunuliwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kitumike kama lebo inavyoelekeza.

Kupeana mche pasipo kupeana mdudu

Desturi ya kupeana miche ni njema, na haina sababu ya kukoma. Inahitaji adabu moja tu: anayetoa autazame mzizi kabla ya kutoa, na anayepokea aukalishe mche peke yake kwa majuma kadhaa kabla ya kuusogeza karibu na mingine. Mwenye shaka na achukue kipande cha mzizi, akifunge vema ndani ya mfuko wa nailoni, na kumpelekea afisa ugani wa kata yake. Ni afadhali kuuliza mapema kwa ajili ya kopo moja kuliko kuchelewa hadi bustani nzima ya mtaa iwe imeambukizwa.