MCHEZA KWAO HUTUZWA: SOMO KUTOKA KWA MARAPA WA NEW YORK

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Awali ya yote namshukuru mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili kwa kunipa nafasi hii, ingawa kusema kweli nilipewa kama adhabu. Wacha niwaeleze.

Muhula wa kwanza tulikuwa na mtindo wa kujibizana kwa mashairi saa ya chakula cha mchana, nyuma ya karakana ya useremala. Upande mmoja ni sisi tunaotoka ng'ambo ya reli, na upande wa pili ni wenzetu wanaokaa karibu na soko. Kila mmoja alisifu mtaa wake na kuuponda wa mwenzake. Kicheko kilikuwa hakiishi! Siku moja nilibanwa na rafiki yangu wa upande wa soko. Vina vilikuwa vimenikauka, nami sikutaka kushindwa mbele ya watu. Basi nikamtaja mama yake na kazi anayofanya hapo stendi ya matatu. Watu walipiga kelele, wakanibeba juujuu. Rafiki yangu hakunijibu. Alichukua mkoba wake akaenda zake darasani, na tangu siku hiyo akawa anarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Mwalimu alipopata habari hakunichapa. Aliniuliza, "Unajua majibizano ni nini?" Nikasema najua. Akaniambia nikachunguze kisha niandike. Haya basi, ndiyo makala hii. Wahenga hawakukosea waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

HIP HOP ILITOKA WAPI?

Wengi wetu tunapenda rapu lakini ukituuliza asili yake tunakodoa macho. Muziki wa hip hop ulizaliwa mjini New York, Marekani, katika eneo liitwalo Bronx. Tarehe inayokumbukwa ni 11 Agosti 1973. Siku hiyo kijana mmoja mzaliwa wa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake, kwenye jengo nambari 1520 la barabara ya Sedgwick. Herc alitambua kwamba watu walichangamka zaidi pale ngoma ilipobaki peke yake bila uimbaji. Basi akatumia santuri mbili za wimbo mmoja ili arudie kipande hicho tena na tena. Juu ya mdundo huo watu wakaanza kutoa maneno ya kuchangamsha, na maneno yakageuka vina.

Bronx ya wakati ule haikuwa mahali pa raha. Nyumba nyingi ziliteketea kwa moto katika miaka ya 1970, kazi zilikuwa haba, na vijana walijiunga na magenge. Kijana asiye na shamba wala ng'ombe wala cheo, ana nini cha kujivunia? Ana jina lake na mtaa wake, basi. Ndiyo sababu rapa hutaja kwao kabla hajasema lolote lingine. Hata watunzi wetu wa mashairi magazetini hufanya vivyo hivyo. Mtu hutia sahihi kwa lakabu yake kisha akataja mji wake, ili msomaji ajue huyu ni malenga wa wapi.

VITA VYA DARAJA

Sasa tuingie kwenye kiini cha somo. Upande mwingine wa New York, katika eneo la Queens, kuna mtaa wa nyumba za serikali uitwao Queensbridge. Ulifunguliwa mwaka wa 1939, una majengo 96 na nyumba zaidi ya 3,000. Hapo palikuwa na kundi lililoitwa Juice Crew. Mtengenezaji wao wa midundo alikuwa Marley Marl, na mmoja wa marapa wao alikuwa MC Shan. Mwaka wa 1986 wawili hawa walitoa wimbo "The Bridge", wa kuusifu mtaa wao na kueleza jinsi mambo yalivyoanza pale.

Jamani, hapo ndipo moto ulipowaka! Watu wa Bronx walisikia kana kwamba Shan anadai hip hop ilizaliwa Queensbridge. Shan mwenyewe alishikilia kwamba hakusema hivyo, alikuwa akieleza habari za mtaani kwao tu. Lakini neno likitoka halirudi, na kila msikilizaji hulipokea kwa masikio yake.

Aliyejibu alikuwa kijana aitwaye KRS-One. Huyu alikuwa amelala katika makao ya watu wasio na nyumba huko Bronx, na hapo ndipo alipokutana na Scott La Rock, aliyekuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii mchana na DJ usiku. Wawili hao wakaunda kundi la Boogie Down Productions. Inasimuliwa kwamba walipeleka kanda yao kwa Mr. Magic, mtangazaji wa redio aliyekuwa upande wa Juice Crew, akaidharau. Kwa hiyo mbali na suala la mtaa kulikuwa na kidonda cha kudharauliwa. Wakatoa wimbo "South Bronx" mwaka huohuo wa 1986, ambamo waliwataja waanzilishi wa Bronx akiwemo Kool Herc. Shan akajibu kwa "Kill That Noise" mwaka wa 1987. Nao wakamfuata na "The Bridge Is Over" mwaka huohuo, na wasikilizaji wengi wakaamua kwamba Bronx imeshinda.

Hebu tusimame hapa kidogo. "South Bronx" ulishinda kwa hoja. Uliorodhesha majina na miaka, ukatetea historia. Huo ni ushairi wa mtu anayejua kwao. Lakini "The Bridge Is Over" haukuishia kwenye hoja. Ulimtusi kwa maneno machafu Roxanne Shanté, rapa wa kike wa Queensbridge aliyeanza kutamba akiwa na miaka 14, na wakati ule alikuwa na miaka 17 tu. Ugomvi ulikuwa kuhusu wapi hip hop ilianzia. Matusi dhidi ya msichana yalithibitisha nini katika jambo hilo? Hakuna. Niliposoma habari hii nilijiona mimi mwenyewe nyuma ya ile karakana. Mama wa rafiki yangu hakuwa katika shindano letu.

SI MAMBO YA WAZUNGU AU WAMAREKANI TU

Kuna wenzetu husema ati huu ni ugeni na Chama cha Kiswahili hakipaswi kuuchunguza. Nawaomba wakumbuke Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi yapata mwaka wa 1776 hadi 1840. Wakati Mombasa ya Wamazrui ilipohasimiana na Lamu, Muyaka aliitetea Mvita kwa mashairi. Naye Zahidi Mngumi wa Lamu alijibu kwa mashairi vilevile. Mshairi mmoja hufunga fumbo, mwenzake hulifumbua na kumrudishia jingine. Vita vyenyewe vilipiganwa Shela yapata 1812 na Lamu ikashinda, lakini mashairi ya pande zote mbili yamebaki, nasi tunayasoma hadi leo.

Angalieni basi. Yule wa Queensbridge na yule wa Mvita hawakujuana, wametengana kwa bahari na zaidi ya miaka 150, lakini kazi yao ni moja. Na kuna jambo la ajabu katika malumbano. Huwezi kumjibu mtu vizuri kama hukumsikiliza vizuri. Ni lazima ushike vina vyake, uelewe fumbo lake, ujue nguvu yake iko wapi. Kwa hiyo kujibiwa ni aina ya heshima. Mtunzi dhaifu hajibiwi, huachwa akapiga kelele peke yake.

NGOMA IKILIA SANA

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Katika miaka ya 1990 uhasama ulivuka mitaa ukawa wa pande mbili za nchi nzima, New York upande wa mashariki na California upande wa magharibi. Tupac Shakur na The Notorious B.I.G. walikuwa marafiki kwanza, kisha wakawa maadui. Tupac alipigwa risasi mjini Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996, akafa siku sita baadaye akiwa na miaka 25. Mwenzake aliuawa mjini Los Angeles tarehe 9 Machi 1997 akiwa na miaka 24. Na hebu fikirieni hili: Tupac aliyepigania sana jina la magharibi alizaliwa New York! Upande wa mtu unaweza kubadilika kwa kuhama nyumba tu. Je, unastahili kufiwa?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizowaua. Nasema kwamba ugomvi ulipotoka kwenye kipaza sauti ukaingia barabarani, hakukuwa tena na mshairi aliyeweza kuushinda.

WALIOPATANA

KRS-One alilijua jambo hili mapema. Tarehe 27 Agosti 1987, Scott La Rock alipigwa risasi huko Bronx baada ya kwenda kutuliza ugomvi uliomhusu kijana wa kundi lao. Mauaji hayo hayakuhusiana na Queensbridge hata kidogo. Lakini yule kijana aliyekuwa bingwa wa kushambulia sasa alizika mwenzake. Mwaka wa 1989 aliwakusanya marapa wengi wakatoa wimbo "Self Destruction" wa kupinga fujo, na mapato yake yakaenda kwa shirika la National Urban League.

Na Marley Marl je, yule wa Queensbridge? Mwaka wa 2007, yaani miaka 20 baada ya vita vya daraja, yeye na KRS-One walitoa albamu nzima pamoja, "Hip Hop Lives". Hakuna aliyeukana mtaa wake. Tena Queensbridge haikufa kwa sababu ya wimbo uliosema imekwisha. Hapo hapo alikulia Nas, ambaye albamu yake "Illmatic" ya mwaka wa 1994 husifiwa hadi leo. Nas naye aligombana vikali na Jay-Z wa Brooklyn mwaka wa 2001, wakapatana jukwaani mbele ya watu mwezi wa Oktoba 2005.

Hapa kwetu Kenya tuna mfano ninaoupenda zaidi. Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, walionyesha kwa "Tafsiri Hii" kwamba rapu ya Kiswahili inaweza kusimama kwa miguu yake. Dandora ilijulikana kwa jaa la taka, wao wakaifanya ijulikane kwa maneno. Baadaye marapa wa Nairobi na wale wa Ukoo Flani wa Mombasa waliungana wakaitwa Ukoo Flani Mau Mau, na mwaka wa 2004 ikatoka albamu "Kilio cha Haki". Bara na pwani wangeweza kutukanana, na sababu hazikosekani. Waliamua kupika chungu kimoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

KANUNI ZA MAJIBIZANO

Kutokana na hayo yote nimetoa kanuni nne, nazo mwalimu amekubali zibandikwe ukutani mwa chumba cha chama:

1. Sifu kwenu kwa unachokijua. Taja watu, mahali na matendo. Atakayeuponda mtaa wa mwenzake bila kuujua wake amepiga domo.
2. Mshambulie mshairi katika ushairi wake. Wazazi, dada, umaskini na maradhi si mada.
3. Sikiliza ubeti wa mwenzako hadi mwisho kabla ya kujibu. Asiyesikiliza hujibu lisilosemwa.
4. Mkimaliza, mpeane mkono. Asiyeweza kutoa mkono asiingie uwanjani.

TAMATI

Mtauliza, na rafiki yako je? Nilimwendea muhula wa pili ulipoanza. Nilimwambia kwamba siku ile sikushinda, nilikosa vina tu nikaokota jiwe. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Nimesikia." Hakusema zaidi, nami sikumlaumu. Jumamosi yake nilikwenda stendi nikamwamkia mama yake na kumwomba radhi. Yeye hata hakuwa na habari ya jambo lile, kwa hiyo nililazimika kumweleza mwenyewe nilichosema. Wasomaji wapendwa, hiyo ndiyo adhabu kamili. Viboko vingekuwa nafuu.

Wiki iliyopita yule rafiki yangu alinipitishia kikaratasi darasani. Kilikuwa na ubeti mmoja, mizani zimetimia, unaoipiga ng'ambo ya reli vibaya sana, matope yetu na mbwa wetu na choo chetu cha pamoja. Nilicheka hadi mwalimu wa hesabu akanitoa nje. Najiandaa kumjibu siku ya chama, na safari hii nina hoja. Mcheza kwao hutuzwa, lakini acheze vizuri.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kwa nini watu wa Bronx walikasirishwa na wimbo wa MC Shan?
(b) Eleza tofauti kati ya kushinda kwa hoja na kushinda kwa matusi. Toa mifano kutoka kwenye makala.
(c) Majibizano ya Muyaka na washairi wa Lamu yanafanana vipi na yale ya marapa?
(d) "Kujibiwa ni aina ya heshima." Jadili.
(e) Tunga ubeti mmoja wenye vina vya kati na vya mwisho kuusifu mtaa au kijiji chenu bila kumtusi mtu yeyote.