Thorvaldsen, Mchongaji wa Sanamu ya Kristo

Wapendwa, sisi tukaao Nachingwea na Ruangwa twaijua kazi ya kuchonga. Mpingo ni mti mgumu, lakini fundi Mmakonde hutoa ndani yake uso wa mtu. Leo tujifunze habari za fundi mwingine, aliyechonga mawe.

Jina lake ni Bertel Thorvaldsen. Alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1770. Baba yake, mtu wa Iceland, alikuwa mchongaji wa mbao, tena maskini. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 11 alipokewa katika chuo cha sanaa cha mfalme. Mwaka 1797 alifika Roma. Mwaka 1803 alikuwa akijitayarisha kurudi kwao, ndipo tajiri Mwingereza, Thomas Hope, alipoagiza sanamu ya marumaru. Basi akabaki, na sifa zake zikaenea Ulaya. Lakini kazi zake nyingi zilikuwa za miungu na mashujaa wa hadithi za Wayunani.

Mwaka 1807 mizinga ya Waingereza iliteketeza kanisa kuu la Copenhagen. Lilipojengwa upya, Thorvaldsen alipewa kazi ya kufanya sanamu za Kristo na mitume 12. Mahali pa Yuda alimweka Paulo. Kristo asimama penye madhabahu, amenyosha mikono yenye alama za misumari, ameinamisha kichwa kuwaelekea wajao. Chini yake umeandikwa mwaliko wa Mathayo 11:28.

Labda mtu atauliza: Je, si kuvunja amri? Kutoka 20:4-5 yakataza kuvisujudia vitu vilivyochongwa. Hata hivyo Mungu alimjaza Bezaleli roho yake kwa kazi ya ustadi (Kutoka 31:1-5). Na Luther, mwaka 1522, aliwapinga waliovunja sanamu kwa nguvu huko Wittenberg. Alifundisha kwamba tumaini la uongo huondolewa moyoni kwanza, kwa Neno. Jiwe halisikii maombi. Ni kama barua: mtu akiisha kuisoma, humwendea aliyemwita.

Thorvaldsen alirudi kwao mwaka 1838, akafa tarehe 24 Machi 1844. Mikono yake imenyamaza, mwaliko ungaliko.

Maswali:
1. Kuchonga na kuabudu vyatofautianaje?
2. Moyo wangu watumainia nini kuliko Kristo?
3. Kazi ya mikono yangu yamwonyesha nani?