Kurudisha msamba ukirudi karate ukubwani

Nimerudi karate nikiwa mtu mzima, na mazoezi nafanyia hapa hapa Babati. Ninachomwambia kila anayerudi ni kimoja: msamba hauji kwa kusukumwa. Unakuja kwa joto na kwa nguvu ya miguu yenyewe.

Juni na Julai asubuhi zetu ni za baridi kali, kwa hiyo nanyoosha jioni. Natembea harakaharaka kuelekea ziwani, naruka kamba, kisha narusha miguu mbele na pembeni, nikianzia chini. Sikai chini mpaka jasho litoke.

Usikimbilie kusema mifupa imeshakomaa. Jipime. Simama ubavuni mwa meza inayokufika kiunoni, pandisha mguu mmoja pembeni uulaze juu yake, kisha badilisha. Ikiwa kila mguu peke yake unafika, nyonga haina neno. Kinachogoma ni misuli ya ndani ya mapaja, ambayo mwili huikaza kujilinda ikivutwa ghafla.

Hiyo ndiyo ya kuifanyia kazi. Navaa soksi ili nyayo ziteleze kwenye saruji, naweka matofali mawili mbele nishikie, natanua miguu mpaka inapoanza kuvuta. Hapo nakandamiza visigino chini kama navuta miguu ikutane, sekunde 10 hivi, bila kubana pumzi. Nikilegeza, miguu inashuka kidogo yenyewe. Narudia mara tatu, nne. Matako yaende nyuma, kiuno kiiname mbele; ukikaza mgongo wima, mfupa wa paja hugota kwenye ukingo wa nyonga, ukadhani ni misuli.

Mara 3 kwa wiki zinatosha, tena mwisho wa mazoezi. Ukijinyoosha kwa muda mrefu kabla ya kumite (pambano), miguu inapungua kasi.

Na tafadhali, usikubali mwenzako akukalie mgongoni au akukanyage magoti, hata kama ndiyo desturi ya dojo. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu ya kuchoma kinenani, ndani ya goti au chini kabisa ya tako yanataka uache siku hiyohiyo, maana kano hupona polepole kuliko misuli.

Mawashi geri (teke la kuzungusha) ya juu haingoji msamba uguse sakafu. Shika ukuta, inua mguu pembeni taratibu, uzuie juu uhesabu hadi tano, ushushe bila kuuangusha. Anza na mguu mgumu.