Vielezi vya Idadi: Mtego wa "Never" kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Miongoni mwa vipengele vya sarufi ya Kiingereza vinavyomtatiza mwanafunzi wa Kiswahili, hasa anapofasiri, ni vielezi vinavyoonyesha tendo hutokea mara ngapi: "always", "usually", "often", "rarely", "never". Kanuni za mahali pake hufunzwa mapema. Kielezi hutangulia kitenzi kikuu, "She never lies". Hufuata kitenzi "be", "She is never late". Na penye kitenzi kisaidizi hukaa baada yake, "She has never lied". Hayo hayahitaji kurefushwa, kwani tatizo halisi si mpangilio wa maneno.

Kiswahili hukitwika kitenzi sehemu kubwa ya kazi hii. Kiambishi hu- cha mazoea tayari kimebeba "usually". Sentensi "The farmer usually wakes up early" yatosha kufasiriwa "Mkulima hurauka". Anayeandika "Kwa kawaida mkulima huwa anaamka mapema" hajakosea, ila amelipia bidhaa moja mara mbili. Anaporudi kwenye Kiingereza na ile "huwa anaamka" kichwani, ndipo huzuka "The farmer is usually waking up early".

Mtego mkubwa zaidi ni "never". Neno "kamwe" halikanushi; husisitiza tu ukanushi uliokwisha kufanywa na kitenzi. "Hasemi uongo kamwe" ni sahihi, ilhali "Husema uongo kamwe" haina maana. "Never", kinyume chake, hukanusha lenyewe, na kitenzi chake hubaki katika hali ya kuyakinisha.

Hebu achukuliwe mkalimani mahakamani. Shahidi anasema, "Hakunitisha kamwe." Mkalimani akikanusha kitenzi kama alivyozoea, atatamka "He did not never threaten me". Katika Kiingereza sanifu kanushi hizo mbili hutanguana, na mshtakiwa aliyetetewa anajikuta ameshutumiwa. Tafsiri ifaayo ni "He never threatened me".

Shahidi huyo huyo akiongeza, "Alinipigia simu mara moja", je, ni "once" au ni "at once"? Kamusi itatoa yote mawili. Hapa mkalimani hana budi kuomba idhini ya hakimu amuulize shahidi alikusudia idadi au upesi, kwa kuwa sentensi yenyewe haisemi.