Somo: Kuwalinda Wanyama Wakati wa Fataki na Milipuko ya Migodini

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, mishindo mikubwa hutoka pande mbili. Ipo ya fataki zinazorushwa mkesha wa Mwaka Mpya na kwenye sherehe. Na ipo ya baruti inayopasua miamba migodini, kama vile katika mgodi wa dhahabu wa Geita na ule wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu. Binadamu anayejua chanzo cha mshindo hutulia upesi. Mnyama hajui umetoka wapi wala utakoma lini, hivyo hukimbia.

Kwa nini hofu hiyo ni hatari

Sikio la binadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufikia 45,000 hivi. Mbwa mwenye hofu huhema, hutetemeka, hujificha au hukataa chakula.

Katika ukanda huu, mnyama anayetoroka anaweza kutumbukia katika maduara ya wachimbaji wadogo yaliyoachwa wazi. Punda akishtuka akiwa na mkokoteni barabarani, huhatarisha maisha ya watu. Mbwa aliyepotea anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa, kisha akakiingiza kichaa hicho nyumbani.

Kabla ya mshindo

1. Ulizia ratiba ya ulipuaji kupitia serikali ya kijiji au mtaa. Ulipuaji wa mgodini hutanguliwa na king'ora. Fataki mara nyingi hazina onyo. Ukiandaa sherehe yenye fataki, pata kibali na uwaarifu majirani mapema.
2. Hakikisha mbwa na paka wamepata chanjo ya kichaa cha mbwa.
3. Kagua uzio na komeo la zizi. Rudisha mbuzi na ng'ombe mapema, na mfungue punda kwenye mkokoteni.

Wakati wa mshindo

4. Mwingize mbwa au paka ndani, funga madirisha na uwashe redio kwa sauti ya wastani. Akijificha uvunguni, mwache; hapo ndipo anapojiona salama.
5. Usimfunge mbwa kwa mnyororo nje: akiruka anaweza kujinyonga.
6. Usimchape wala kumkemea. Kumpapasa kwa upole hakumzidishii hofu.
7. Usimpe pombe wala vidonge vya binadamu. Hata baadhi ya dawa za mifugo hulegeza mwili huku hofu ikibaki palepale. Daktari wa mifugo ndiye wa kuamua.

Kwa anayeishi karibu na mgodi, king'ora kinaweza kuwa msaada. Kila kinapolia, mwingize mbwa ndani na umpe kitoweo anachokipenda. Akizoea, atakifuata chakula badala ya kutoroka.

Baada ya mshindo

Hesabu mifugo yako. Aliyepotea, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa ofisa mifugo wa kata. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki amwepushe mnyama wake na mateso yasiyo ya lazima. Mshindo huenda usiweze kuuzuia. Maandalizi yake yamo mikononi mwako.

Jipime: Je, unaijua saa ya ulipuaji ulio karibu nawe? Mbwa wako alichanjwa lini?