Kuzuia damu kuvuja kwenye viungo vya wagonjwa wa hemofilia: mwongozo kwa wauguzi na RECO (wahudumu wa afya ya jamii) wa Muheto

Mvulana anayevimba goti, kifundo cha mguu au kiwiko mara kwa mara bila kuumia, au aliyevuja damu kwa siku kadhaa baada ya kutahiriwa, asiandikiwe baridi yabisi kabla ya kuuliza habari za wajomba zake. Hemofilia hurithiwa kwa upande wa mama. Hata kama ukoo hauna mgonjwa, shaka haijaondoka: takriban theluthi moja ya wagonjwa ni wa kwanza katika familia zao. Apewe rufaa kwenye hospitali inayopima kuganda kwa damu, kwa kuwa asiyepimwa haingii kwenye orodha ya wagonjwa, na dawa huletwa kwa walio kwenye orodha.

Usisubiri goti livimbe ndipo dawa itolewe. Damu ikimwagika ndani ya kiungo, utando wake huvimba na kuota mishipa midogo inayopasuka upesi, hivyo kiungo kilichovuja leo huvuja tena. Gegedu likishalika halirudi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulilinganisha watoto waliodungwa faktori VIII (protini ya kugandisha damu) kwa ratiba na wale waliotibiwa kila walipovuja, tena kwa dozi kubwa. Walipofika miaka 6, waliokingwa wenye viungo vizima walikuwa asilimia 93. Wenzao, asilimia 55.

Dawa ikiwa kidogo, igawe kwa ratiba. Mwongozo wa Shirikisho la Hemofilia Duniani wa mwaka 2020 unatambua dozi ndogo ya faktori VIII, yuniti 10 hadi 15 kwa kilo, mara mbili au tatu kwa wiki. Mtoto wa kilo 15 atatosheka na chupa moja ya yuniti 250 kila mara. Daktari ndiye anayepanga dozi; kazi yenu ni kuhakikisha siku haipitwi.

Kwa barabara zetu, dawa ya emisizumabu ingefaa zaidi: hudungwa chini ya ngozi, na baada ya dozi za mwanzo inaweza kutolewa mara moja kila wiki nne. Huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji hustahimili siku 7 kwa jumla, joto lisipozidi nyuzi 30. Ni ya hemofilia A (upungufu wa faktori VIII) pekee, na haizimi damu iliyokwisha kuanza kuvuja. Hapo mgonjwa anahitaji faktori.

Hata pasipo dawa hizo, kituo kinaweza kumkinga. Usimdunge sindano ya msuli: malaria kali itibiwe kwa artesunati ya mshipa, na chanjo apewe kwa sindano nyembamba chini ya ngozi inapowezekana, kisha pabanwe kwa dakika 10. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni asipewe, parasetamoli inatosha. Waelezeni wazazi kwa upole kwamba goti lililovimba halikandwi, halichanjwi wembe wala halitobolewi kutoa usaha. Lipumzishwe, lifungwe bandeji, liinuliwe na kuwekewa kitambaa cha maji baridi. Maumivu yakiisha, mtoto atembee na kunyoosha mguu, maana misuli yenye nguvu hulinda kiungo.

Familia za huku huhama ghafla. Mpeni mama kadi yenye aina ya hemofilia, uzito, dozi na tarehe ya mwisho ya sindano, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa: HAKUNA SINDANO YA MSULI. Nakala ibaki kituoni, nyingine iende ofisi ya zone de santé (eneo la afya).